Siku ya Kupaka Jumba Chokaa

Benchi la kwa Mama Birika lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia wanajua wapi pa kuweka makalio na wapi pa kuacha. Limeegemea kibanda cha kinyozi, kando ya barabara ya vumbi ambayo zamani ilikuwa njia ya matrekta ya miwa. Ukikaa hapo huna pa kutazama ila Jumba. Liko ng'ambo, juu ya kilima, jeupe kupita kiasi, baraza limelizunguka, nguzo zimejipanga, madirisha ya ghorofani yamezibwa kwa mbao. Mwenye shamba aliondoka siku nyingi, kiwanda cha sukari kikafa, miwa ikawa kichaka, kambi ya wafanyakazi ikageuka mtaa huu wenye vinyozi na wauza mkaa. Jumba halina mtu. Lakini kila mwaka kabla ya mvua mtaa mzima hupanda na ndoo na brashi kulipaka chokaa, kila nyumba na kipande chake, sehemu ileile waliyopangiwa babu zao na mwenye shamba, na hadi leo hajatokea aliyesema basi. Asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wanaume watatu walikaa na brashi mapajani wakingoja umande ukauke, na Mama Birika aliwamiminia kahawa kwa mkono wa hasira.

— Kahawa leo ina moshi, alisema Wembe, kinyozi mwenye kibanda, ambaye mteja wake hutoka na nywele nusu na habari nzima za mtaa.

— Kunywa. Moshi hauui. Chokaa ndiyo inayoua.

Maneno hayo alikuwa ameyapika tangu jana jioni pamoja na maharage, akaona sasa yameiva, hayana haja ya kukaa tumboni.

— Nasema mbele yenu nyote, mtu asije kuniambia hakusikia. Mwaka huu mjukuu wangu haendi Jumbani.

Vikombe vikasimama njiani, kati ya goti na mdomo.

— Haendi vipi? aliuliza Tairi, mziba pancha, mtu ambaye hata siku ya harusi yake alimshika bibi harusi kwa mikono ya grisi.

— Haendi kama watu wasivyoenda. Anakaa nyumbani. Mwaka jana si mlimwona? Alishuka kilimani amebebwa, midomo imekuwa rangi ya wino, kifua kinapiga filimbi. Daktari akaniambia, bibi, huyu ana pumu, akivuta tena vumbi la chokaa usinitafute mimi, tafuta mchimba kaburi. Mama yake mmemzika nyinyi wenyewe. Ndiye niliyebaki naye. Sina wa akiba.

— Basi nenda wewe, alisema Wembe.

— Kwa magoti gani, haya? Mtanishusha kwa machela, halafu kahawa mtanyweshwa na mama zenu. Sikilizeni. Mmoja wenu achukue kipande changu. Mwaka huu tu. Nitamnywesha bure hadi mvua iishe.

Wote watatu wakatazama ndani ya vikombe, kama watu waliodondosha kitu humo. Kipande cha Mama Birika hakuna asiyekijua. Wembe ana nguzo za baraza. Tairi ana ngazi za mbele. Nyumba ya Mama Birika imepangiwa chumba cha kulia cha Jumba, ndani kabisa.

Mstaafu akakohoa. Alikuwa karani kiwandani, na hadi leo haanzi sentensi bila kuisafishia njia.

— Shemeji, alisema, maana yeye na marehemu mume wa Mama Birika walikuwa wakivuta sigara moja. Chumba kile si cha kuachwa. Hujui kilivyojengwa.

— Nimekipaka tangu nilipoolewa mpaka magoti yalipokataa. Nijue nini tena?

— Unajua ukuta. Nyumba huijui. Jumba lile lilijengwa kwa tofali za udongo wa mto, bila saruji hata kijiko. Na walianza na chumba cha kulia. Wakakijenga peke yake kilimani, kimesimama kama sanduku. Kisha wakakizungushia vyumba, wakavizungushia baraza, mwisho wakapandisha ghorofa. Ndiyo maana hakina dirisha. Kina milango minne, kila ukuta mmoja, na kila mlango umelengana na mwingine hadi nje. Mwenye shamba akikaa mezani alikuwa anageuza shingo tu. Huku anaona jikoni, huku ghala, huku lango, huku kambi yetu. Babu zetu walikata miwa bila kuinua kichwa, kwa sababu hawakujua saa ile shingo imegeukia wapi.

— Na hewa ilipita wapi?

— Milangoni.

— Milango ambayo sasa imevimba kwa chokaa haifunguki hata nusu. Ndiyo nasema, mnamtia mtoto kwenye chungu mnafunika.

— Subiri kwanza. Uzito wa ghorofa lote umekalia kuta zile nne. Udongo ule ukikosa chokaa mwaka mmoja unakunywa maji kama mlevi. Kuta zikilegea Jumba lote linateremka, na walio chini ya kilima ni sisi.

— Chumba hakina dirisha, kimezungukwa na vyumba. Maji ya mvua yatafika vipi?

Mstaafu akakohoa tena, lakini safari hii nyuma ya kikohozi hapakuwa na sentensi.

— Acheni maji, akasema Wembe akisogea, na benchi likalalamika. Mnazunguka tu. Jambo lenyewe ni kwamba mwenye shamba hakuondoka.

— Haya tena.

— Nyinyi mlimwona akiondoka?

— Kambi nzima ilipanga mstari barabarani, alisema Mstaafu. Baba yangu alikuwepo. Gari lilipita.

— Gari lilipita! Na masanduku, na mbwa, na saa ya ukutani imefungwa kwenye blanketi. Yeye je? Muulize baba yako.

— Baba yangu yuko kaburini.

— Basi ulichelewa. Bibi yangu mimi alikuwa dobi wa Jumba. Alisema wiki ile ya mwisho mwenye shamba alifukuza watumishi wote kwenye chumba cha kulia, akaleta mwashi ambaye si wa huku, hana salamu, hali chakula na watu. Wakajifungia. Ilisikika mwiko ukikwaruza. Walipofungua, ukuta wa kati ya mlango wa jikoni na mlango wa ghala ulikuwa na plasta mpya. Mwashi hakuonekana akitoka. Na mwenye shamba, bibi alisema, tangu hapo alikuwa hafui shati.

— Hafui shati!

— Halikuja shati la kufua. Mtu aliye hai anachafua shati. Mimi naona ile chokaa ni blanketi. Tunamfunika alale. Siku mguu ukibaki nje ataamka.

Mama Birika aliweka birika chini. Ukuta huo aliujua. Kati ya mlango wa jikoni na mlango wa ghala pana mahali, usawa wa mtu aliyekaa kitini, ambapo chokaa huingia na haikauki. Ukiweka kiganja pana uvuguvugu. Miaka yote alijiambia kuwa chokaa ikizimwa kwenye maji hupata moto, ndiyo tabia yake. Hakujiuliza kwa nini mahali pengine pote ilikuwa ya baridi.

— Basi kifua chake ni kizima kuliko cha mjukuu wangu, alisema mwishowe, maana anapumua humo tangu lini.

Tairi akaweka kikombe chini.

— Nyote mnaogopa kusema, alisema Tairi. Jumba linakua.

— Linakua! Linanyonya?

— Cheka tu. Baba yangu alipita na baiskeli katikati ya zile nguzo za mbele, usukani na magunia pande zote mbili. Mimi mwaka jana nimepita na ndoo tu, ubavu umechubuka. Juu ya mlango mkubwa kulikuwa na nakshi, simba wawili wa plasta wameshika ngao. Wako wapi? Wamebaki uvimbe kama jino bovu. Pembe za kuta zote zimekuwa mviringo. Madirisha yamebaki nyufa.

— Ni chokaa juu ya chokaa, alisema Mstaafu. Koti juu ya koti. Mtu akivaa makoti yote aliyonayo atanenepa.

— Sawa. Unene ni wa chokaa. Na ngazi? Mimi ndiye mwenye ngazi. Kila mwaka ngazi ya chini iko karibu zaidi na barabara. Sijasema neno kwa sababu nitaonekana mlevi. Zamani kati ya ngazi na mtaro huu wa barabara kulikuwa na bustani ya maua. Leo simama hapa utazame. Bustani iko wapi?

Wakatazama. Ngazi ilikuwa imefika kwenye mtaro, nyeupe, na kila mmoja alikuwa ameruka mtaro ule maisha yake yote bila kulipima hilo.

— Lile si jengo, alisema Tairi kwa sauti ya chini. Lile ni tumbo, na sisi tunalilisha. Wakumbukeni wale mume na mke wa nyumba ya Kona.

— Usiwataje.

— Nitawataja. Walikataa kupanda mwaka ule, si ndiyo? Wakafunga mlango, wakalala. Waliamka chumba chao kimepakwa. Kuta, dari, meza, sufuria. Shuka waliyojifunika imepakwa, na bado mbichi. Yule mama alikuwa na chokaa kwenye kope, hawezi kufumbua macho mpaka akaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Wakahama siku hiyohiyo, na mswaki hawakuchukua, maana mswaki nao ulipakwa.

— Walihama kwa sababu mume alipata kazi kwingine, alisema Mama Birika.

— Kazi gani?

Kazi gani hakujua. Alichukua birika akamimina.

— Kwa hiyo mnaniambia niue mtoto ili mswaki usipakwe. Semeni hivyo, nielewe. Wanaume watatu wazima, mmoja anaogopa mvua, mmoja anaogopa maiti, mmoja anaogopa ngazi.

— Mama, hatukatai kukusaidia, alisema Wembe, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Kipande cha nyumba hakishikwi na nyumba nyingine. Ndivyo tulivyokuta.

Hapo ndipo alipofika mtu akisukuma gurudumu la gari kwa mkono, jasho linamtiririka, hasira imemjaa. Pikapu yake alikuwa ameiacha bondeni.

— Mziba pancha ni nani kati yenu?

— Mimi, alisema Tairi. Lakini leo sizibi.

— Mgonjwa?

— Mzima. Leo ni siku ya Jumba.

— Ndugu yangu, nimebeba mayai. Yako juani. Nimepita duka la vipuri limefungwa, gereji imefungwa, kila mtu ameshika brashi. Jumba gani?

Wakamwonyesha. Dereva akalitazama, kisha akawatazama wao, kama mtu anayetafuta mwenye akili wa kuzungumza naye.

— Mwenyewe yuko wapi?

— Hayupo.

— Anarudi?

— Harudi.

— Mmh. Na kwa nini iwe leo? Isiwe kesho, nikishaondoka na mayai yangu?

— Leo ndiyo siku yake.

— Nani kasema ni leo?

— Inajulikana, alisema Mstaafu.

— Kuna tarehe?

— Tarehe hakuna. Kila mwaka siku yake. Zamani nyapara alipita kambini alfajiri, anagonga nyumba moja moja. Alikuwa haiti mtu, anaita nyumba. Nyapara alikufa, sasa tunaambiana wenyewe.

— Haya, wewe nani kakuambia?

— Wembe. Kanigongea dirisha kabla ya jua.

Wembe akageuka polepole.

— Mimi? Mimi nimeamshwa na Tairi. Nilikuwa bado nimelala.

— Acha uongo, alisema Tairi. Mimi nimemsikia Mama Birika. Amesimama mlangoni kwangu, akasema siku imefika. Hata nikamjibu, asante mama.

Wote wakamtazama Mama Birika, na dereva naye akamtazama.

— Mimi sijagonga mlango wa mtu, alisema. Nilikuwa jikoni nawasha jiko. Nikamsikia Mstaafu nje. Alikohoa kwanza, kama anavyokohoa, kisha akasema, shemeji, ni leo.

— Shemeji, alisema Mstaafu, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko aliyozoea. Mimi nilikuwa kitandani mpaka Wembe aliponigongea.

— Nimekuambia sikukugongea.

— Na mwaka jana? aliuliza dereva.

Wakafikiri. Mwaka jana Mstaafu aliambiwa na Wembe. Wembe aliambiwa na Tairi. Waliishia palepale, na hakuna aliyetaka kuurudia mwaka wa nyuma yake.

Dereva akacheka, kicheko cha mtu anayeona amepata njia.

— Basi hakuna aliyesema. Mmesikia ndoto zenu tu. Ndugu, niwekee kiraka niende zangu.

Tairi alilitazama gurudumu. Akaiweka brashi chini, taratibu, kama anajaribu kuona kama itamruhusu. Wembe naye akaiweka ya kwake. Na Mama Birika alihisi kitu kikifunguka kifuani, fundo alilotembea nalo tangu mwaka jana. Kama hakuna aliyeita, hakuna aliyeitwa. Mjukuu wake yuko kitandani, mlango umefungwa, na jua likipanda na kushuka itakuwa imekwisha, mwaka huu na mingine.

— Kaa, baba, alimwambia dereva. Leo wewe hulipi kahawa yangu.

Alikuwa anamkabidhi kikombe alipomwona mjukuu wake akitokea uchochoroni, khanga kuukuu imefungwa kichwani, kitambaa puani, ndoo mkono mmoja na brashi mkono mwingine. Alitembea pole, kwa kupima pumzi.

— Wewe! Jana nilikuambia nini?

— Uliniambia nisiende, Bibi.

— Na sasa unakwenda wapi?

Msichana akashusha kitambaa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeulizwa swali la mtego.

— Si umeniita mwenyewe? Umenigongea sasa hivi. Umesema nijifunge vizuri nije, hatuna mwingine. Nikakuuliza, na kifua je? Ukasema utakuwa ndani pamoja nami.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi. Nimejifunga tu nikatoka.

Mama Birika hakuuliza la pili. Alimnyang'anya ndoo, akaitupa mtaroni, akamketisha kwenye benchi kati yake na Mstaafu, akamshika mkono juu ya kiwiko.

— Mimi niko hapa tangu jua lilipochomoza. Hawa mashahidi. Hutoki.

Ndipo waliposikia, nyuma ya kibanda, kule uchochoroni, mtu anagonga mlango wa bati wa nyumba ya Mama Birika. Alikuwa anagonga kwa subira, kama mtu wa nyumbani. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikaita, kavu, na kile kikwaruzo cha miaka mingi ya moshi wa mkaa:

— Mjukuu wangu. Toka, mama. Wenzako wanakungoja.

Msichana akainuka nusu, mdomo umeshafunguka kuitika. Mkono wa bibi yake ukamrudisha chini. Tairi alikuwa ameokota brashi yake tena bila kujua ameiokota. Mstaafu alitaka kukohoa akajizuia, akaziba mdomo kwa kiganja.

Dereva peke yake hakuona ajabu. Alipuliza kahawa, akageuza shingo kuelekea uchochoroni, akamrudia mwenyeji wake kwa heshima.

— Mama, huyo anayeita kwako sauti yenu ni moja kabisa. Ni dada yako?

Wembe alitazama ardhi, Mstaafu alitazama kilima. Uchochoroni mlango ukagongwa tena, na sauti ikaita tena, karibu kidogo kuliko mwanzo.

Mama Birika akaukalia upindo wa nguo ya mjukuu wake kwa uzito wake wote, akamgeuza uso kwa nguvu, akaanza kumsemesha kwa sauti ya juu mambo yoyote yaliyomjia, jinsi kahawa inavyokaangwa, mkaa upi una moshi na upi hauna, jinsi mama yake alivyokuwa mtundu akiwa mdogo, bila kuvuta pumzi, bila kuacha nafasi ya neno la mtu mwingine. Na msichana akamkazia macho mdomoni, hapepesi, ahakikishe ni mdomo huo unaosema.